Fomu Arobaini na Shangazi Mmoja

Barani,
Malindi.
Jumatano, 14 Mei 2025

Mpendwa mwanangu Hafswa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi ami yako nasema marahaba kwa shikamoo uliyoitanguliza kwenye ujumbe wako wa sauti. U hali gani, na baridi ya Eldoret inakutendeaje? Kile kikohozi ulichoondoka nacho mwezi wa kwanza kimekwisha, au bado unalala na shuka moja kwa ukaidi? Ule vizuri. Sauti yako niliisikia nyembamba, na sidhani kuwa ni simu tu.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mvua imenyesha wiki nzima na njia ya kwenda msikitini imekuwa dimbwi, basi alfajiri naswali nyumbani na goti langu linashukuru. Mama yako Zuleikha amemaliza kushona sare za madrasa, sasa yumo katika nguo za harusi za watu. Binti yangu Safaa amekuja kukaa nasi na watoto wake kwa kuwa mumewe yuko safarini, na tangu waingie sijapata kusoma gazeti mpaka mwisho.

Kifurushi chako kilifika Jumamosi kwa basi. Kinarudi kwako pamoja na barua hii. Nimeandika kwa kalamu, sikupiga simu, kwa kuwa kwenye simu ungelia, nami ningenyamaza, na jambo lingepita hivihivi. Tena jambo lenyewe linahusu kuandika. Nitalipanga tangu mwanzo, pamoja na yale unayoyajua, uone jinsi mtu anavyopanga maelezo asipokuwa na la kuficha.

Disemba ulikuja likizo ukiwa na kazi ya mwaka wa nne, utafiti kuhusu wanawake wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni. Ulisema utakwenda huko kila siku na utahoji watu arobaini. Ulikwenda mara moja. Ukaambiwa langoni urudi na barua ya chuo, na barua hukuwa nayo, ukarudi umenuna na uso umeungua jua. Wiki hiyohiyo ukagundua kwamba chumba kinachopakana na chako analala mwanamke aliyekwangua chumvi ile kwa miaka kumi na minane, naye ni shangazi yako Ummulkheir.

Hukuwa ukijua. Hilo si kosa lako, nitalifikia. Lakini ulipojua ulifanya jambo la maana kuliko yote uliyoyafanya tangu uingie chuo. Ulikaa kitako. Wiki tatu, kila baada ya Alasiri, uliketi naye uani, wewe na daftari lako, ukauliza, ukaandika, ukauliza tena. Nilikuwa nikiwasikia kutoka dirishani. Nilisema moyoni, huyu sasa anasoma.

Ulipoondoka ulipiga picha za kurasa zote kwa simu, daftari lenyewe ukaniachia nilitunze kabatini. Nililisoma. Nitakwambia baadaye nililoliona humo.

Mwezi uliopita uliwasilisha kazi yako, kurasa sitini na mbili. Msimamizi wako, Daktari Zipporah, akairudisha na maneno machache ya wino mwekundu kwenye ukurasa wa thelathini na moja: leta hojaji zote arobaini. Amekupa mpaka Ijumaa ya tarehe ishirini na tatu. Usipozipeleka, jambo linakwenda kwenye kamati ya nidhamu, na kamati ikithibitisha kuwa umezua watu, chuo kimekwisha kwako. Na hojaji hizo hazipo. Hujahoji watu arobaini. Umehoji mmoja.

Basi ukatutumia kazi hiyo sisi. Fomu arobaini tupu, kalamu sita za wino mbalimbali, na karatasi ya maagizo iliyopangwa vizuri kuliko sura yoyote ya utafiti wako. Swali la nne, kumi wajibu hapana. Swali la tisa, ishirini na wanane wajibu ndiyo. Fomu zikunjwekunjwe kidogo zionekane zimetoka shambani. Na mwisho: "Wengine waandike vibaya vibaya, maana hawajasoma."

Nimefundisha miaka thelathini na minne, Kaloleni kwanza kisha hapa Malindi. Nimeona watoto wakiiba mtihani, nimeona waliotoka chooni na majibu yameandikwa mapajani. Sijapata kuumizwa na uongo wa mwanafunzi kama nilivyoumizwa na sentensi hiyo moja. Mwanamke aliyekupa wiki tatu za maisha yake ana mwandiko mzuri kuliko wako. Khati yake ya Kiarabu nyumba nzima huionea fahari, na herufi za Kizungu amejifundisha mwenyewe kwa vipande vya gazeti. Wewe unaijua. Halafu unaagiza watu kama yeye waandikiwe vibaya.

Mimi nilikuwa msikitini kifurushi kilipoingia. Ulikuwa umeshampigia simu Safaa. Mimi ulinitumia ujumbe baadaye, kazi ikiwa imekwisha anza. Niliporudi nilimkuta ameketi mkekani, fomu zimemzunguka, kalamu ya kijani mkononi. Alikuwa amejaza kumi na mbili.

"Baba, njoo usaidie," akasema akicheka. "Huyu wa nane nimempa watoto tisa na mume asiyefanya kazi. Wa tisa nimemfanya mjane, nimemhurumia."

"Safaa, unajua unafanya nini?"

"Namsaidia mdogo wangu. Kwani wewe hukutusaidia hesabu?"

"Niliwasaidia kuzifanya. Sikuwazulia majibu."

"Ah, baba! Chuo kizima wanafanya hivi. Wewe umestaafu, hujui."

Hapo shangazi yako akaingia na nguo alizozianua kwa haraka, mvua ilikuwa inaanza. Akazitazama zile karatasi.

"Leo nyumba nzima mna mtihani?"

"Tunazaa wafanyakazi, shangazi," Safaa akamjibu. "Tumeshapata kumi na wawili, bado ishirini na wanane. Kaa nikupe kalamu, nawe utuzalie wawili watatu."

"Mimi huyu? Wafanyakazi wa wapi?"

"Wa chumvi. Wa Gongoni. Kazi ya Hafswa ya chuo."

Safaa hakuwa na ubaya. Yeye naye hakuwa akijua, kama ambavyo wewe hukuwa ukijua mpaka Disemba. Shangazi yako aliziweka nguo juu ya kiti, akaokota fomu moja, akaisogeza karibu na macho. Akausoma kwa sauti mstari wa kwanza: "Jina, si lazima." Akaiweka chini palepale alipoitoa, akaniangalia mimi, akasema, "Nisomee alichokiandika mtoto."

Ningeweza kukataa. Ningesema ni Kiingereza, ni kirefu, macho yangu yamechoka. Nakala uliyonitumia imo kwenye simu yangu. Nilimsomea alasiri mbili, nikifasiri sentensi baada ya sentensi, naye akisikiliza bila kazi mkononi, jambo ambalo si kawaida yake.

Umeanza hivi: "Tangu enzi na enzi binadamu ametumia chumvi." Shangazi yako akasema, "Hilo nani asiyelijua?" Hafswa, nilifundisha jambo hilo ubaoni kila mwaka na sikupata kulieleza kwa ufupi huo. Mwanzo wa maandishi usimwambie msomaji jambo analolijua. Mwambie ulilokwenda kulitafuta na kwa nini ni muhimu. Enzi na enzi ziache.

Kisha yakaja maneno yako makubwa. Imebainika. Imedhihirika. Inaelezwa. Nimeyahesabu, "imebainika" peke yake imo mara kumi na tisa. Kila mara shangazi yako aliniuliza, "Imebainikia nani?" Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tano nilianza kuona haya. Alikuwa anauliza swali ambalo Daktari Zipporah atakuuliza, na ambalo mimi nilipaswa kukufundisha kabla hujatoka nyumbani: nani kaona, nani kasema, nani kafikiri? Hayo ni mambo matatu, na mwandishi wa kitaaluma kazi yake kubwa ni kutoyachanganya. Ukiona, sema umeona. Ukiambiwa, mtaje aliyekwambia. Ukifikiri, sema hili ni wazo langu na sababu zangu ni hizi. Ukiyatia yote matatu ndani ya "imebainika", msomaji hana pa kushika.

Usije ukaniambia kwamba hayo ni mambo ya wazungu na vyuo vyao. Madrasa ulikaa miaka minane. Mwalimu wako hakukuruhusu useme neno lolote la Mtume bila kutaja limepokewa kwa nani, na huyo kalipokea kwa nani, mpaka kwa aliyelisikia kwa masikio yake. Na akikosekana mtu mmoja tu katikati ya mnyororo, neno linapunguzwa daraja. Ulikuwa ukiyataja majina hayo kwa mahadhi, hujafika miaka kumi. Elimu ya kutaja chanzo ulikwenda nayo Eldoret kutoka Barani. Ulipofika ukaiacha ndani ya sanduku.

Siku ya pili tukafika ukurasa wa thelathini na moja. Nikamsomea kwamba asilimia sabini na moja ya wahojiwa walitumia vifaa mbadala vya kujikinga miguu.

"Vifaa gani hivyo?"

"Vipande vya tyubu ya gari vilivyofungwa miguuni."

"Asilimia sabini ni watu wengi?"

"Wengi. Katika kumi, saba."

"Si kweli. Tulikuwa wawili. Nilikata mimi kwa kisu cha jikoni, nikafunga, Easter akaona, nikamkatia na yeye. Wengine walikuwa na mabuti, na asiye na mabuti alikwenda pekupeku na kupasuka. Walitucheka. Walituita matairi. Huyu mtoto nimemwambia haya."

Ulikuwa umeambiwa, Hafswa. Yamo ndani ya daftari, nimeyaona kwa macho yangu, pamoja na jina la Easter na jinsi alivyokuwa akiimba asubuhi ili asisikie maumivu. Wanawake wawili kati ya wengi walibuni kitu, wakachekwa, wakakifunga tena kesho yake. Hilo ni jambo la kuandikwa. Wewe umelichukua ukalifanya desturi ya watu ishirini na kitu, halafu hakuna tena aliyebuni, hakuna aliyecheka, hakuna aliyechekwa. Na mwanafunzi mwingine atakayesoma kazi yako miaka kumi ijayo ataliandika kama ukweli, kwa kukuamini. Ndiyo maana kuzua ni dhambi katika elimu.

Na hesabu yenyewe ndiyo iliyokufichua. Asilimia sabini na moja ya watu arobaini ni watu ishirini na wanane na sehemu ya mtu mwingine. Daktari Zipporah alichukua kikokotoo tu. Huko kwenye maagizo ukatuandikia ishirini na wanane, ambayo ni sabini kamili. Kwa hiyo hata fomu tungezijaza zote kwa kalamu zote sita, zisingelingana na ulichoandika. Kuzua nako kuna kazi yake, mwanangu, nawe hata hiyo hukuifanya vizuri. Nalisema kwa uchungu, silisemi ili ujifunze kuzua vizuri.

Tulipomaliza, shangazi yako aliniuliza swali moja. "Na mimi ni yupi katika hao arobaini?"

Nilirudi nyuma, nikatafuta, nikajifanya natafuta. Nilimwambia maneno yake yametawanyika kurasa zote, kila sura yamo.

Akasema, "Alinikalia wiki tatu, kisha akanigawa kwa watu ambao hawapo."

Akainuka akaenda chumbani kwake. Chakula hakula.

Sasa nifike kwangu. Katika ujumbe wako ulisema hivi, na nimeyaandika neno kwa neno: "Ami, ningemtajaje shangazi? Watu wangesema nini? Wewe mwenyewe miaka yote husema alikuwa akishinda kwa jamaa huko Gongoni." Uliposema hivyo nilikasirika sana, nikazima simu. Niliiwasha tena baada ya swala kwa sababu nilijua umesema kweli.

Nitakueleza kama lilivyokuwa. Baba yetu alipopooza, shangazi yako alikuwa mjane wa miaka ishirini na mitatu, mimi nilikuwa chuo cha ualimu, na marehemu baba yako Abdulqadir alikuwa darasa la sita. Shangazi yako ndiye aliyekwenda chumvini. Ada yangu ilitoka huko. Vitabu vya baba yako vilitoka huko. Na mimi, nikiwa chuoni, nikiwa na umri kama wako, nilimwandikia barua. Nilimwambia asionekane. Sisi ni watu wa Pate, nilimwandikia, tuna jina, na kuna mahali nilikuwa nataka kuposa. Basi kila asubuhi alitoka nyumbani na buibui lake, akalivua karibu na lango, akalikunja akalitia mfukoni, na jioni akalivaa tena kabla ya kutoka barabarani, ili anayemwona aseme huyu anatoka kutembelea watu. Miaka kumi na minane. Mshahara wangu ulipotosha nyumba nzima ndipo nilipomwambia aache. Sikumwambia kwamba anaweza kusema alikokuwa. Nyinyi watoto mkazaliwa, mkaambiwa alikuwa akishinda kwa jamaa.

Kwa hiyo ulipoogopa kuliandika jina lake ulikuwa unafuata nilichokufundisha. Ulidhani unamstiri. Na kwa sababu jina lilikosekana, ilibidi utafute mahali pa kuyaweka maneno yake, ukawatengeneza watu arobaini kumfunika mmoja. Nimelifikiria sana jambo hili kwa siku nne. Wanafunzi wengine huzua wahojiwa kwa uvivu. Wewe ulikuwa na mhojiwa bora kuliko wote waliomo katika darasa lako, ukamwonea haya. Hayo ni makosa ya nyumba hii, na mzizi wake ni mimi. Lakini fomu ulizichapisha wewe, na maagizo uliyaandika wewe. Hapo sikubebei.

Sasa nisikilize. Fomu sitazijaza, wala hatajaza mtu mwingine katika nyumba hii. Zile kumi na mbili za Safaa nimezichana mbele yake, akaninunia siku nzima, akasema nakuvunjia maisha. Ishirini na nane tupu zimo ndani ya bahasha hii pamoja na kalamu zako. Barua uliyoniomba nimwandikie Daktari Zipporah, kwamba mimi kama mwalimu mstaafu nilishuhudia ukihoji watu, siiandiki. Nilishuhudia ukihoji mtu mmoja. Akiniuliza, hilo nitamwambia.

Nenda kwake kabla ya tarehe ishirini na tatu, usingoje siku yenyewe. Usipeleke kilio, peleka maelezo. Mwambie hakuna arobaini. Mwambie yupo mmoja, miaka kumi na minane ya kazi, wiki tatu za mahojiano, daftari moja la kurasa themanini. Mwombe akuruhusu uandike upya utafiti wa maisha ya mtu mmoja. Utafiti wa namna hiyo upo na unaheshimiwa. Mtu mmoja aliyesikilizwa vizuri, na mwandishi akasema wazi kwamba ni mmoja, ana faida kuliko umati. Utasema: huyu peke yake hatoshi kutwambia hali ya wanawake wote wa Gongoni, lakini anatwambia mambo haya na haya ambayo hayamo katika takwimu. Kukiri mpaka wa unachokijua hakukupunguzii alama. Ndiko kunakomfanya msomaji aamini yaliyobaki.

Huenda akakataa. Huenda akakupeleka kwenye kamati hata hivyo, ukapoteza mwaka, au ukapoteza chuo. Sikufichi. Nimeliwazia hilo na nimeona nitaweza kuishi nalo. Kwamba tumekupitisha kwa migongo ya watu wa uongo, hilo nisingeliweza.

Kama atakubali, nitakusaidia kwa kila sura, utanitumia nami nitairudisha na kalamu yangu. Usianze na maneno makubwa. Anza kwa kujisimulia mwenyewe kwa Kiswahili, kwa sauti, ulichosikia. Kisha andika kwa lugha ya chuo kile kile ulichokisema, kisizidi. Kila aya iwe na jambo moja. Ukimaliza aya, funga macho ujiulize mtu angesema "umejuaje?" ungemjibu nini, na jibu hilo liwe limo ndani ya aya. Sentensi yako ya kwanza inaweza kuwa nyepesi tu: Ummulkheir Badawi alifanya kazi ya kukwangua chumvi Gongoni kwa miaka kumi na minane.

Lakini sentensi hiyo huna ruhusa ya kuiandika.

Jumatatu shangazi yako alifungua kabati langu akalichukua daftari. Hakuniomba, naye ana haki. Najua picha unazo. Ungeweza kuziandikia kazi nzima kesho, na Daktari Zipporah asingejua tofauti. Ndiyo maana nakwambia mapema: picha unazo, idhini huna. Ukiyatumia maneno yale bila yeye kukubali, utakuwa umerudia kosa lile lile, safari hii ukiwa unajua.

Jana nilikwenda kukuombea kwake. Nilimwambia mtoto ni mdogo, aliogopa, muda ni mchache, atampigia simu.

"Simu sitaki," akasema. "Aliyetaka maneno yangu alikuja kukaa hapa. Na aje akae."

"Eldoret ni mbali, Ummulkheir. Siku ni kumi tu zimebaki."

"Magari yapo."

"Akija utampa daftari?"

"Akija nitamsikiliza. Sijasema nitampa."

Nikaona na mimi niseme langu, maana nilikuwa nimesimama mlangoni na miaka arobaini yote kifuani. Nilimwomba msamaha kwa barua ile ya chuoni. Nilimwambia, akitaka, Ijumaa nitasimama mbele ya wanaume barazani na niseme dada yangu alikuwa wapi. Hakuinua macho.

"Wewe ngoja zamu yako," akaniambia.

Basi nangoja. Siwezi kukuombea mahali ambapo mwenyewe sijasamehewa. Chagua wewe, kati ya kwenda ofisini kwa mwalimu wako kwanza au kuja huku kwanza, lakini yote mawili yatakubidi, na siku unazijua.

Mama yako anakusalimu sana na anauliza kama nguo alizokutumia zinakutosha. Sijamwambia lolote. Utamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Safaa anakusalimu na amenituma nikwambie kwamba bado ana hasira nami. Watoto wake wanakusalimu na wanataka uwaletee maziwa ya huko, yale mazito. Jirani yetu Haroun anakusalimu, kila siku husema mtoto wetu wa chuo kikuu yu karibu kumaliza, nami huitikia kwa kichwa.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa kusema kweli kabla hujalazimishwa, akufungulie kauli mbele ya mwalimu wako, na akurudishe kwetu salama, ukiwa na shahada au huna.

Shangazi yako nilimwambia naifunga barua, kama ana neno. Aliniuliza basi la kutoka bara huingia Malindi saa ngapi. Nilimwambia. Nikangoja kidogo, kalamu mkononi. Salamu hakutuma.

Ni mimi ami yako, nikupendaye na uchungu huu wote,

Mahmood Badawi